Viatu Nilivyosahau Kuvua

Nkuhungu, Dodoma
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Nyemo mwanangu,

Kuna jambo kuhusu kifo cha pacha wako ambalo nimelificha tangu siku alipokufa. Nilimficha mama yako, nikakuficha wewe, nikawaficha hata wachungaji walionisifu kwa ajili yake. Danieli hakufa jinsi ulivyosimuliwa. Nilikuwa nimejiandaa kuzikwa na jambo hili, na daktari alipotuambia kuwa moyo wangu umechoka na hakuna dawa ya kuupumzisha, nilishukuru moyoni kwamba safari imekaribia na hakuna aliyejua. Kilichonibadilisha ni maboksi yako. Nakusikia hapo chumba cha pili unavuta selotepu, unafunga, unavuta tena, na kila inapochanika najua boksi jingine limekwisha.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chupa za maziwa, wala baridi ya Iringa. Shangazi yako Loi ameyasema yote tangu asubuhi, na mengine ameyarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nina hili moja tu. Ningependa kukuambia kwa mdomo, lakini pumzi inakatika kabla sentensi haijafika mwisho. Na hata kama pumzi ingekuwapo, ukinitazama usoni ningelipunguza. Mimi ni hodari wa kupunguza mambo.

Kesho unapanda basi na watoto wako, shangazi yako akikusindikiza. Ofisi imekubali uhamisho ulioomba. Festo atakuja mapema kubeba mizigo mpaka stendi. Ameomba walau hilo, nawe ukamkubalia kwa kutikisa kichwa bila kumtazama. Majirani wanajua unahamishwa kikazi. Mimi na shangazi yako tunajua kwamba unamwacha mumeo. Barua hii nitakupa mkononi kabla hajafika. Isome ukiwa bado umo ndani ya nyumba hii.

Nilikuwapo siku uliyosema yale maneno. Kulwa na Doto walikuwa bado kwenye wodi ya watoto njiti, wadogo kiasi kwamba mtu aliogopa kuwapumulia. Muuguzi alikuwa amekufunga Kulwa kifuani, ngozi kwa ngozi, akamgeukia Festo akiwa na Doto mikononi. Akamwambia, "Baba Mapacha, vua shati, zamu yako." Festo akafungua kifungo cha juu, akasimama hapo. Akasema anakuja. Akaenda zake hadi getini, akarudi na maji ya chupa na ndizi ambazo hakuna aliyemtuma. Kesho yake hivyo hivyo. Shangazi yako, kwa mdomo wake ule, akamwambia, "Mkwe, soko tunalo, tumekosa kifua." Akina mama wote wodini wakacheka. Festo naye akacheka, kisha akaenda kununua ndizi nyingine.

Siku ya tatu ulimfuata koridoni, na mimi nilikuwa hapo kwenye kiti cha magurudumu. Laiti ungepaza sauti, ningesema ni hasira tu. Ulimwambia taratibu, kama mtu aliyekwisha kuamua: "Baba yangu alifiwa na mtoto kifuani, na hakumshusha mpaka mwisho. Wewe wako yu hai, na umeshindwa kumbeba." Kisha ukaninyooshea kidole, kama mtu anavyoonyesha picha iliyotundikwa ukutani.

Nikainamisha kichwa. Nafikiri ulidhani ni unyenyekevu.

Mama yako na mimi tulioana tukiwa watu wazima, tukakaa miaka bila mtoto. Unawajua watu. Walimu wenzangu waliniita Bwana Uzazi, kwa sababu nilifundisha baiolojia na mada hiyo ilikuwa yangu, nami nilicheka pamoja nao ili wasione. Mama yako hakuwa na wa kucheka naye. Halafu ujauzito ukaja tukiwa tumeacha kuutaja, na kabla ya wakati wake mkazaliwa ninyi wawili, huko Kongwa, katikati ya kipupwe, upepo ukipita chini ya milango usiku na mchana. Danieli alitangulia, wewe ukamfuata. Mlikuwa wekundu, na manyoya laini mgongoni, na masikio yamelala kama mchicha uliopigwa na jua. Nilikuwa nimewasoma viumbe wa namna hiyo vitabuni. Sikuwa nimefikiri kwamba wanaweza kuwa na sura ya mama yangu.

Mashine ya kuwatia joto haikuwapo. Aliyekuwapo ni muuguzi mmoja aliyejifunza mahali fulani njia hii ya kifuani, ambayo siku zile wengi waliiona kama mzaha. Mlipoanza kunyonya, akaturuhusu twende nyumbani, kwenye nyumba yetu ya shule, ila kabla ya kutoka aliniketisha. "Mwalimu," akasema, "kuanzia leo wewe ni jiko la huyu mtoto. Jiko halitoki chumbani. Ukitaka kwenda chooni, mwamshe mwenzako awabebe wote wawili, ukirudi unachukua wako." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kanga ya mama yako akanifunga Danieli kifuani, akakaza fundo mgongoni, akanipiga bega kama anayemruhusu dereva aondoe gari.

Nikuambie ukweli, ndani ya nyumba, mlango umefungwa, nilikuwa hodari. Nilikula naye, nilisahihisha madaftari naye, nililala nimeegemea mito naye akiwa pale. Watoto njiti husahau kupumua, wewe mwenyewe umeona. Danieli alikuwa akisahau, namkuna mgongoni kwa ncha ya kidole, anashtuka kidogo, anakumbuka, anaendelea. Tulielewana. Katika maisha yangu yote sijawahi kuwa mtu mwema kama nilivyokuwa siku zile ndani ya chumba kile.

Lakini hodi ikipigwa, mwili wote ulisisimka. Mwanamume wa umri wangu, mwalimu mzima, kifua wazi, nimefungwa kanga ya mke wangu. Akija mwalimu mwenzangu nilizungumza naye dirishani, nimesimama upande ili aone kichwa tu. Mmoja akaniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo, mafua. Mama yako alinisikia. Alisema tu, "Mafua yako yana macho mazuri," akaendelea kukunyonyesha. Laiti ningemsikiliza vizuri. Mambo yaliyofuata yalianzia pale dirishani, siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Nilijizoeza kuwa baba pale tu ambapo hakuna anayeniona.

Sasa siku yenyewe. Mama yako aliamka na homa. Hakuwa amelala usiku kucha, na asubuhi ile usingizi ukamchukua ghafla, wewe ukiwa kifuani pake. Mimi nilikuwa kwenye kiti, na Danieli wangu. Upepo ulikuwa unapiga bati. Nikasikia hodi, halafu kikohozi nilichokifahamu vizuri. Alikuwa babu yako, mzaa mama, amekuja na wazee wenzake wawili kwa miguu toka kijijini kwao, kuja kuona kama binti yao yu mzima. Walikuwa wanavuta mbuzi kwa kamba.

Wewe hukukulia katika heshima ile, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Ugogoni, mkwe si mgeni kama wageni wengine. Mbele ya baba mkwe humtaji jina, hutafuni, huonyeshi kifua. Yeye naye haingii chumba alimolala binti yake aliyejifungua. Ataketi nje, nawe utaketi naye nje, na hutainuka kabla hajainuka. Mimi nilikuwa ndani, kifua wazi, nimevaa kanga ya binti yake.

Ningeweza kumwamsha mama yako, kama muuguzi alivyosema. Nilijiambia ana homa, alale. Ningeweza pia kusema nikiwa nyuma ya mlango, "Baba, nisameheni, nimembeba mtoto, siwezi kutoka." Maneno hayo nimeyarudia miaka yote hii, bafuni, darasani, msibani kwa watu wengine. Ni sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeitamka. Sikuitamka. Nilivaa soksi, nikavaa viatu nikafunga kamba, nikavaa shati na lile koti langu la kahawia, nikatoka kumsalimu mkwe wangu.

Sehemu hii hukuwahi kuisikia. Katika hadithi ya mama yako hakuna mgeni.

Niache hapo kwanza. Shangazi yako ameleta uji, amesimama mlangoni anataka aone naunywa, na ameniuliza ninaandika wosia gani usioisha.

Nimekunywa. Nirudi kwa Festo.

Juzi alikuja wakati umelala na watoto. Tuliketi barazani. Unajua ni mtoto wa wakulima wa mpunga wa Bahi, maneno yake hukua polepole. Akishanipa shikamoo huwa kama amemaliza hotuba. Juzi alizungumza. Aliniuliza, "Baba, yule mtoto wako, alipokufia kifuani, ulihisi?" Nikamwuliza kwa nini anataka kujua. Akawa anaangalia mikono yake. Akasema, "Nyemo alinisimulia tukiwa wachumba. Tangu siku hiyo sijaacha kuiona. Pale wodini nilimwona Doto amesahau kupumua, na mimi ndiyo naambiwa nivue shati. Nikajua atanifia, kama wa kwako. Kama wewe, Baba, mtu kama wewe, ulimshika vizuri na bado akafa, mimi nitafanya nini?"

Nyemo, rudi usome maneno hayo. Wewe ulimwona mwanamume anayemkimbia mwanawe. Alikuwa anakikimbia kifo ambacho mimi nilikitunga.

Na nilikuwa na nafasi. Barazani hapakuwa na mtu mwingine, na pumzi ilikuwapo. Nikamwambia, "Mungu hutoa nguvu, mwanangu." Akaitikia, "Ndiyo, Baba," akaaga, akaondoka. Nikamtazama mabega yake akitoka getini, nikajua nimefanya tena kile kile nilichofanya Kongwa. Nimevaa koti, nimetoka nje, nimeonekana vizuri.

Usidhani hadithi ile nilibebeshwa tu. Mwanzoni ilinichoma. Mama yako aliisimulia kwa akina mama kanisani, nao wakawasimulia waume zao, na wale walimu walioniita Bwana Uzazi wakaanza kunipisha kiti. Baadaye nikaanza kuipenda. Nilialikwa harusini kutoa nasaha kwa bwana arusi, na kila mara kabla sijakaa kulikuwa na mtu wa kusema, "Mwalimu, wasimulie lile la mtoto." Nami nilisimulia. Nilijua mahali pa kunyamaza kidogo, na mahali ambapo wanawake wangetoa leso. Umewahi kuwapo, ulikuwa na gauni la njano, ulinishika mkono njia nzima ya kurudi nyumbani. Ulikua ukimpima kila mwanamume kwa kipimo kile, na mimi nilikuona ukipima, na nilifurahi kuwa kipimo.

Nimewahi kuogopa mambo mengi. Niliogopa njaa, niliogopa kufukuzwa kazi, niliogopa mama yako alipougua ugonjwa uliomchukua. Nikitazama nyuma, woga haukuniharibia kitu kikubwa. Nilitetemeka, nikafanya lililotakiwa. Aibu ndiyo iliyonila. Festo ni mwoga, ni kweli. Lakini alikuja akaketi mbele ya mkwe wake akasema, naogopa. Mimi nilikuwa namzidi umri, namzidi shule, na siku yangu ilipofika sikuweza kumwambia mkwe wangu neno moja. Kati ya sisi wawili, ulimnyooshea kidole asiyestahili.

Sikuambii ubaki. Pengine kuna mengine kati yenu nisiyoyajua, na hayo ni yako. Ukienda Iringa, nenda na baraka zangu, na usigeuke kunitazama kama utalia, maana mizigo ni mingi. Ila usimwache mtu kwa sababu ameshindwa kufanana na baba ambaye hakuwahi kuwapo.

Mwanga unapungua. Nimalize.

Nilipotoka kumsalimu babu yako, nilimfungua Danieli nikamlaza kitandani, upande wa ukutani, nikamfunika blanketi zito. Nilijiambia ni salamu tu. Lakini salamu zetu unazijua, zinapita kwa kila mtu wa nyumba, zinakwenda zizini kwa ng'ombe mmoja mmoja, zinafika kwenye mvua iliyokataa. Halafu mmoja wa wale wazee akaanza habari ya ugomvi wa mpaka wa shamba lake, akataka maoni ya mwalimu. Nikayatoa. Niliyatoa kwa urefu. Walitikisa vichwa, babu yako akawatazama wenzake kwa fahari, kama kusema, mnaona binti yangu ameolewa na nani. Nilifurahi, Nyemo. Kwa muda fulani, jua likinipiga mgongoni kwenye lile koti, nilisahau kwamba nina mtoto kitandani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha kidato cha pili kwamba mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili mkubwa. Nilikuwa nachora panya na tembo ubaoni, wanafunzi wanacheka. Blanketi halimpi joto asiye na joto lake mwenyewe. Hilo nalo nililiuliza kwenye mitihani.

Walipoinuka jua lilikuwa limeshapita utosini. Niliwasindikiza mpaka mwisho wa uzio, kama inavyopasa, kisha nikarudi. Mama yako alikuwa amelala vile vile. Nilikugusa wewe kwanza, sijui kwa nini. Ulikuwa wa moto kama mkate. Kisha nikaweka mkono chini ya blanketi, upande wa ukutani. Nikamkuna mgongoni kwa ncha ya kidole. Nikamkuna tena. Nikaendelea kumkuna kwa muda ambao siwezi kuusema.

Halafu nikavua koti. Nikavua shati. Nikaitafuta kanga, nikajifunga mwenyewe, fundo likawa baya. Nikamweka pale alipokuwa asubuhi. Nikaketi kwenye kile kiti, nikasubiri mama yako aamke anikute.

Aliamka alipomsikia mbuzi akilia nje. Alinyoosha mkono akamgusa Danieli kichwani, akajua. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kisha macho yake yakashuka. Yakafika miguuni. Nilikuwa na viatu, kamba zimefungwa vizuri. Mbuzi wa baba yake akalia tena. Mama yako akavitazama viatu vile, akanyanyua macho, akasema, "Umemshika mpaka mwisho."

Mpaka leo sijui kama aliniuliza au alinipa. Nikajibu, "Ndiyo." Hatukulizungumza tena. Aliyowasimulia watu kanisani yalitoka kwenye neno lile na ndiyo yangu, na kila alipoyasimulia hakuwahi kutaja mbuzi, wala viatu.

Kesho Festo akija kubeba mizigo, mwite ndani umsomee mwisho huu, au nitieni nguvu nimsomee mimi baba yako. Aujue kabla hajagusa boksi hata moja. Danieli alikufa kitandani, chini ya blanketi, mimi nikiwa nje nimevaa koti nikiamua mpaka wa shamba la mtu mwingine. Kifuani nilimrudisha akiwa amekwisha kufa. Kabla ya hapo, muda wote aliokuwa kifuani mwangu, kaka yako alikuwa hai.